Kaka, Umeniuliza Dai ya Kubania Risasi

Kaka yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, dakika saba nzima, nimesimama kwenye mashine ya kukereza na mikono imejaa grisi. Nilidhani safari hii utasema unakuja. Kumbe unauliza habari za dai, kile chuma cha kubania mdomo wa ganda la risasi. Klabu yako ya kulenga shabaha huko Afrika Kusini imekuruhusu kujaza upya mwenyewe maganda ya risasi za bastola, na sasa umekwama dukani: ununue dai inayokunja mdomo wa ganda kuingia ndani, au ile inayoubana kidogo tu? Haya, nikujibu kwanza, usije ukasema mdogo wako ana hasira hana maarifa.

Bastola yako si ya silinda inayozunguka. Risasi yake inategemea mdomo wa ganda ili isimame mahali pake. Ukiukunja mdomo ule, inazama ndani ya mtutu kupita kiasi, na siku moja bastola itakukwamia, au mbaya zaidi. Kukunja waachie wenye silinda, maana maganda yao yana ukingo nyuma wa kuyazuia. Wewe chukua ile ya kubana. Ondoa tu ule upana ulioutanua ili kichwa cha risasi kiingie, basi. Na ubane kwa hatua ya peke yake, kichwa kikishakaa. Pima kwanza.

Lakini nakujua, utakaza. Unaikumbuka mashine ya kumenyea kahawa ya yule mzee wa Litumbandyosi? Mkiitengeneza, baba alikwambia kaza nati mpaka ikatae, kisha acha. Wewe ukaongeza robo mzunguko, bushi inayoshika mhimili wake ikapasuka, na kahawa ya watu imeiva shambani. Baba hakukupiga. Alikupeleka kwa mwenyewe, nami nyuma yenu nimebeba spana nacheka. "Shikamoo babu. Nimeivunja mimi." Mzee akakutazama weee, akasema, "Marahaba. Basi kaa umenye kwa mikono." Tukamenya wote mpaka vidole vikanata. Siku ile nilikupenda sana, kwa sababu hukumsingizia mtu.

Yule aliyesema kweli mbele ya mzee wa watu amekwenda wapi? Tangu tumzike baba, nawe hukuwepo, kikao cha ukoo cha kugawa mashamba na karakana kimeahirishwa mara tatu. Mama hataki kikae bila mtoto wake wa kwanza. Kila mara unasema mwezi ujao. Baba mdogo amepanda kutoka Mbamba Bay mara zote tatu, na dagaa wa kulisha wageni, akarudi mikono mitupu. Nimechoka, kaka. Nimechoka, na nimekukasirikia.

Tena kinachoniudhi zaidi ni uongo, na anayeusema ni mimi. Simu ikilia, mama huacha kila kitu. "Kaka yako anasemaje?" Namjibu, "Anakusalimu, anauliza miguu yako inaendeleaje." Hujawahi kuuliza miguu yake. Hujui hata kwamba imevimba, na kwamba shamba lake la mashimo ya ngoro kule mteremkoni msimu huu nimelima mimi.

Jumapili, tulipotoka misa, aliniambia niuite ukoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nikamwuliza, na kaka? "Kiti chake utakalia wewe," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Sikitaki kiti chako. Naweza kukikalia, na wajomba wakinuna watanuna, wakichoka wataacha, maana karakana ninaiendesha na kodi nalipa. Ila sikitaki. Nauli unayo, mwenye kununua dai hakosi nauli. Panda basi.

Usipokuja, kikao kitakaa. Na jambo moja ulijue mapema: sitakutungia salamu tena. Leo jioni mama akiniuliza kaka yako anasemaje, nitampa simu ausikilize ujumbe wako mwenyewe, mpaka mwisho.

Mungu akulinde huko uliko.

Mimi mdogo wako wa kike, niliyebaki na mama,
Mbinga