Siku Zena Alipoulizwa

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesaga liwa, msandali wa kumpaka biharusi, tangu asubuhi. Mkono unauma. Biharusi wa safari hii ni Zena, binti wa marehemu Athumani, na nikaha ni Ijumaa ya wiki ijayo. Bwana ni Salimu, mwenye duka kule Mambrui. Mtu mzima, ana adabu zake. Sina neno juu yake.

Taabu yangu ni moja. Zena ni kiziwi. Mimi ni somo, kazi yangu ni kumfunza biharusi mambo ya nyumba na ya chumbani, na kazi hiyo hufanywa kwa mdomo. Leo tumekaa mkekani, na bubu nilikuwa mimi. Nikimwonyesha kitu anacheka, anaitikia kwa kichwa. Nikimwambia neno la haya anaitikia vilevile, wala haoni haya. Nimejiona mjinga, na sipendi kujiona mjinga.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeulizia. Kipo chama cha viziwi, cha nchi nzima, na wana mtu wao huku kwetu. Nimempelekea ujumbe kwa simu. Amejibu upesi kuliko wanangu wanavyonijibu: anakuja kesho, nitafute chumba chenye mwanga. Mwanga wa nini, sikuelewa.

Twalibu, ami yake Zena, ndiye walii wa kumwoza tangu Athumani, nduguye, afariki. Hakufurahi. Anasema ishara za nyumbani zinatosha. Nikamwambia mimi sitoi biharusi nusu. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Novemba

Amekuja. Jina lake Kadzo, Mgiriama wa Junju, naye mwenyewe ni kiziwi. Nilitazamia mtu mnyonge. Astaghfirullah! Ameingia na mkalimani wake, Neema, akafungua madirisha yangu bila kuomba ruhusa, akahamisha viti ili kila mtu aione mikono ya mwenziwe. Jana alishinda na kukesha hospitali na mama kiziwi aliyekuwa akijifungua, maana wauguzi walikuwa wakimpigia kelele tu. Hajalala. Anacheka hata hivyo.

Zena alipoiona mikono ya Kadzo, sijui niandike nini. Msichana niliyemjua ni wa kutabasamu pembeni. Wa leo alizungumza. Alibisha, alitania, aliniiga ninavyotembea na kunisema mpaka Neema akaona haya kutafsiri. Lugha anayo tele, aliipata shule ya bweni. Sisi wa nyumbani ndio tusiokuwa nayo. Mamake alikaa mlangoni akimtazama kama anayetazama mgeni.

Mama huyo akamwuliza Kadzo kama Zena ameifurahia harusi. Kadzo akamwelekezea Zena kidole: muulize mwenyewe. Kila tulipomwuliza lolote juu ya Zena, alifanya hivyohivyo. Mara ya kwanza niliona ni kiburi. Jioni nikaona ni heshima.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku mbaya. Kadzo aliniambia nimwulize Zena kwa mdomo, kama tulivyozoea, jambo lolote la upuuzi. Nikamwuliza, "Zena, leo tukupikie viatu vya makubadhi?" Akaitikia kwa kichwa, na tabasamu juu. Mamake akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Kadzo akaeleza. Kiziwi aliyezungukwa na watu wasioijua lugha yake huitikia kila kitu, apate kuachwa kwa amani. Yeye mwenyewe alikuwa hivyo kwao Junju mpaka ukubwani. Alieleza bila kumlaumu mtu. Mimi ningelaumu.

Sasa sisi tuna nini? Twalibu alimwonyesha Zena picha ya Salimu amesimama mbele ya duka, watu wawili wakishuhudia, akaitikia. Hiyo ndiyo ridhaa yetu yote. Kadzo akamwuliza kwa mikono picha ile aliielewaje. Zena akasema alidhani anaulizwa kama duka lile analijua. Analijua. Kwamba anaolewa alijua siku nilipoingia mimi na liwa yangu, na mtu wa yeye kumwambia lolote hakuwapo.

Zena hamjui Salimu. Hamtaki. Amesema waziwazi, macho makavu. Nimeona aibu kubwa.

Jumanne, 11 Novemba

Mama mtu amemweleza Twalibu. Hasikii. Neno ameshawapa watu wa Mambrui, nyama imeagizwa, ukoo mzima umealikwa. Anasema msichana ametiwa ukaidi. Akanigeukia mimi: nikiendelea na haya, hakuna nyumba itakayoniita tena hapa mjini. Anaweza kulifanya hilo. Naogopa. Sina kazi nyingine.

Kadzo alikuja kuzungumza naye. Twalibu akageuza uso. Kadzo akazunguka, akasimama mbele yake. Akageuka tena. Akazunguka tena. Hakukasirika hata kidogo, utadhani wanacheza. Mwisho Twalibu akachoka, akakaa. Ndipo Kadzo akamwambia, kwa sauti ya Neema, kwamba lugha ya ishara imetajwa katika katiba, na kwamba ameambiwa dini yetu nayo yataka mwanamke aulizwe. Haombi harusi ivunjwe. Anaomba Zena aulizwe kwa lugha yake, basi. Twalibu akasema shekhe anaijua kazi yake.

Najifunza ishara. Kutaka, kukataa, kujua, mume. Vidole vyangu vigumu kama kuni. Zena ananicheka sana, na namwacha anicheke.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimerudi nyumbani. Sijala.

Shekhe alikuja baada ya Alasiri na mashahidi wake kuchukua idhini. Kwa desturi biharusi yuko ndani, amefunikwa, pazia limeshushwa. Twalibu akasema kutoka upande wa pili kwamba msichana ameshaitikia mbele ya watu, hakuna la kungojea. Kadzo alikuwa ndani nasi. Hakusikia, lakini aliusoma uso wangu. Akamwashiria Neema aseme kwa sauti: biharusi hajaulizwa.

Kisha shekhe akasema, "Ondoeni pazia. Uso wa mwanamke na mikono yake si haramu kuonekana. Nataka jibu lake, si la ami yake."

Pazia likaondolewa. Kadzo akamvuta Zena kidogo, akamweka penye mwanga wa dirisha. Shekhe akauliza, Neema akatafsiri. Zena akajibu kwa mikono yote miwili, polepole. Neema akasema amekataa. Twalibu akapaaza sauti kwamba mkalimani ni mgeni, anatia maneno yake mwenyewe.

Shekhe akanitazama. Ananijua miaka mingi. "Somo, wewe umeona nini?"

Nikamwambia, "Nimeona, shekhe. Amekataa. Amesema hamjui, hamtaki."

Akauliza mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile. Akainuka, akasema hapa hapana ndoa, akaenda kuwaambia wanaume.

Mamake Zena alilia. Kadzo hakushangilia. Alikaa naye chini, akamshika mkono mpaka akanyamaza. Nampenda mwanamke yule. Naiandika hapa maana usoni kwake nitashindwa.

Jumapili, 23 Novemba

Salimu ameleta salamu kwa mama mtu. Anasema hakujua kwamba Zena hakuulizwa, na mke wa kulazimishwa hamtaki. Mwungwana. Twalibu hanisalimii. Harusi mbili za Desemba nimenyimwa. Kadzo yuko Kilifi, mahakamani na kijana kiziwi.

Zena alikuja jioni. Tulikaa barazani, yeye anasema pole pole, mimi nashika lile ninaloweza kushika. Akaniuliza, na hili nililielewa lote: siku ya harusi yako, wewe ulijibu nini?

Ishara sikuwa nayo. Nikamwonyesha. Niliinama, nikanyamaza, kama nilivyofunzwa na somo wangu, na nje vigelegele vikapigwa. Ndivyo nilivyowafunza biharusi wangu wote.

Hakuridhika. Akauliza tena: ulimtaka, hukumtaka?

Marehemu mume wangu alikuwa hodari wa mzaha, mchafu wa viatu, na hakulala kabla sijarudi. Nikainua mkono nikamjibu kwamba nilimtaka. Ni kweli. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Zena akanishika kidole akakinyoosha, nikairudia ishara.