Zamu ya Bomba la Burat

Burat, 2 Septemba 2024

Salaam aleikum mama. Nagaa ya Merti, kuna amani? Mguu umepoa? Sisi wazima, mtoto wangu Kuno ameota jino la pili.

Mama, ile timu ya mpira, Punda Milia, wamechimba kisima kiwanjani kwao na kutoa bomba nje ya ua, la majirani, bure. Kipa wao Lomuria ni mtoto wa Waturkana wa hapa Burat, ndiye aliwasumbua wakubwa mpaka wakakubali. Tangu hapo sichimbi maji kwa mchanga wa laga, mto ukikauka, na Kuno hajaharisha tena.

Lakini hawakuuliza nani atashika zamu ya kuteka. Sasa Abdub wa duka ameweka kufuli. Anasema sisi Waborana kwanza, Waturkana jioni kama yatabaki. Jirani yangu Apua, Mturkana, alirudishwa na mtoto mgongoni. Meneja wa timu amesema tukigombana tena Ijumaa, anafunga bomba kabisa. Nitashika zamu mimi, vile baba alishika kisimani.

Binti yako, Tiya

Merti, 9 Septemba

Aleikum salaam Tiya. Mguu bado. Sora anaandika, mimi nasema.

Zamu ni kazi ya wanaume. Baba yako alipewa na wazee, hakujichukulia. Wewe uliyeishia darasa la sita, mtoto kwa titi, unasimama mbele ya wanaume kwa ajili ya watu waliochukua ngamia wetu? Achana na hiyo bomba.

Mama yako

Burat, 16 Septemba

Salaam aleikum mama, pole na mguu. Barua imefika nikiwa nimeshafanya, na hata ingefika mapema ningefanya.

Ijumaa nilipanga mitungi vile imefika, bila kuuliza ni ya nani. Abdub akacheka, akauliza nani amenipa hiyo kazi. Nikamwambia, "Mimi ni binti wa mzee Wako, aliyeshika zamu Merti miaka ishirini. Kwake mwenye mtoto mchanga hakurudishwa, awe wa nani. Fungua, ama uteke wewe kabla ya Apua, watu wakiona."

Hakuteka, hakufungua. Nikakalia mtungi wangu, nikamnyonyesha Kuno. Apua akakaa. Wamama wote wakakaa. Meneja alikuja tayari kufunga, akakosa ugomvi wa kufungia. Halafu Lomuria akatoka mazoezini na jezi imelowa jasho, ameshika mtungi wa mama yake.

"Dada Tiya, mimi ni wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa."

Akasimama wa kumi na tisa, jua kali. Abdub akatoa funguo mfukoni.

Nashika zamu kila asubuhi sasa. Na ngamia walipochukuliwa, mama, Apua hakuwa amezaliwa.

Binti yako, Tiya

Merti, 23 Septemba

Aleikum salaam Tiya. Sora amenisomea mara tatu mpaka amechoka na mimi.

Fimbo ya zamu ya baba yako iko nyuma ya mlango tangu tumzike. Naileta na lori ya Jumanne. Huyo Abdub akiuliza tena nani amekupa kazi, aniulize mimi.

Niwekee mtungi kwa mstari. Nyuma ya Apua ni sawa.

Mama yako