Uji Niliowaonjesha Jumuiya

Alhamisi, Mabawe

Nilijua tu. Jumamosi nilipeleka uji wa unga wa ndizi kwenye sala ya jumuiya, wanawake waonje waniambie kasoro kabla sijaanza kuuza unga gulioni. Nilionja mimi kwanza kama desturi ya kwetu, kisha kikombe kikazunguka. Wote wakasifu, isipokuwa jirani yangu, Mama Devota.

"Unanuka moshi," akasema. "Usikaushie ndizi juu ya jiko. Anika juani."

Halafu akaniuliza nazikata vipi, nazikausha siku ngapi. Tumetoka kusali rozari pamoja, ningemficha vipi? Nikamweleza yote.

Leo nimepita kwake. Mikeka miwili imejaa ndizi!

"Karibu, Mama Edina! Na mimi najaribu," akasema, bila hata chembe ya aibu. Nikacheka. Mimi huyu, nikacheka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Nimeanika juani na moshi umeisha. Bila yeye ningeaibika gulioni.

Ila sasa uji unaacha ukakasi ulimini, na sijui nimekosea wapi. Mume wangu anasema ni mtamu. Angesema hivyo hata ningempikia majivu. Wale wa jumuiya nao watasifu tu. Anayeweza kuniambia ukweli ni mmoja, na ndiye mwenye ile mikeka.

Uji uko tayari kwenye chupa ya chai. Kesho nitaonja mbele yake, nitampa kikombe. Ataniuliza nimeupikaje.

Nitamwambia.