Risasi Mbili za Nyati wa Nandagala

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Mimi bibi yako sijambo, na mikorosho imeanza kutoa maua. Huko kwenye mafunzo yako ya askari wa wanyamapori, unaniuliza kama risasi zote si risasi tu.

Nilipokuwa msichana, bwana nyama, ndiye askari wa wanyamapori wa siku hizo, alimpiga risasi nyati aliyemaliza mihogo yetu hapa Nandagala. Nyati hakuanguka, alimjia. Risasi ya pili ilimwangusha hatua tatu mbele yake.

Tulipokata nyama ya kugawana, kisu changu kiligonga ile ya kwanza begani, ncha yake laini imechanuka kama uyoga. Ya pili, ngumu, ilivunja kifua, ikapita moyoni. Tukaikuta karibu na paja, nzima kabisa.

"Ya kwanza nilikosea, ni ya swala," alisema bwana nyama, akakaa chini.

Zote mbili alizitoa kwenye mfuko mmoja, mume wangu.

Bibi yako, Somoe