Nafasi ya Shahidi

Afande,

Baada ya kukuzika, mkeo alinipa daftari letu la maabara. Nimekaa nalo hapa Nkoma, Mbale, ninakofundisha, wiki nzima bila kulifungua, maana najua nilichoandika humo.

Unakumbuka ile chupa ya kahawa, pale shuleni Jinja, wewe fundi wa maabara na mimi mwanafunzi king'ang'anizi? Uligeuza ngozi ya pampu ya baiskeli ili ivute badala ya kusukuma. Ndani tukaweka kipande cha wavu wa karabai, ule wenye mnunurisho kidogo, miale isiyoonekana kwa macho. Ukivuta hewa, ukungu unashika, kila tone linakalia ioni yake, chembe yenye chaji iliyoachwa na miale hiyo. Matone yakijipanga mstari, ujue kuna kitu kimepita. Wiki tatu tuliona ukungu mtupu. Siku moja ulikwenda kwako Walukuba kula, nikachora mstari daftarini. Sikuwa nimeona kitu, Afande. Nilitaka tu ufurahi. Ulirudi, ukatazama, ukasema, "Haya," basi.

Ulikuwa fundi redio wa jeshi, na sheria ya kule hukuiacha: kila ukurasa una mwandishi na shahidi. "Akiona mmoja ni fununu. Wakiona wawili ni ripoti." Tulikucheka sana, haki ya Mungu.

Sasa sikia. Nimepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Kuna watu huko wanangojea kiini cha atomu ya gesi ya zenoni kivunjike kwa namna moja adimu mno, na mnunurisho wa kawaida huwadanganya kila mara. Wanawaza kutafuta ioni moja ya bariamu inayobaki pale kiini kikivunjika hivyo. Moja tu, katika gesi yote ile! Ikiwepo, ni kweli. Shahidi huyo, Afande. Nililia. Ningeiendeaje kazi hiyo na uongo wangu mgongoni?

Jana nikalifungua. Kurasa zote umetia sahihi. Penye mstari wangu, nafasi ya shahidi haina sahihi, umeandika kwa penseli, "Nangoja." Miaka yote hukunisema.

Leo asubuhi nimeunda chupa upya na wanafunzi wangu wa hapa Mbale. Mara ya kumi na nne mstari ukatokea, mfupi kama ukucha, ukapotea. Nimeukata ule wa uongo, nikaandika huu chini yake, na wanafunzi sita wametia sahihi. Penseli yako sikuifuta.

Pumzika, Afande. Nitakwenda, na sitaandika nisichokiona. Nikiona peke yangu, nitangoja.

Nambozo wako