Mzee wa Kanisa Anataka Kufunga Bila Maji Juu ya Himalaya

Mpendwa Shangazi Kemunto,

Naomba msaada wako, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaanza kunikaripia, maana nakusoma kila wiki na nakujua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Bukavu, naishi hapa Durban na kazi yangu iko Clairwood, kwenye ghala la mizigo, ambako napanga lori lipi liondoke na mzigo gani na lipi lingoje, na sijisifu nikisema kazi ya kupanga naijua, kwa hiyo watu watatu wa kanisa letu tulipokubaliana kwenda Nepal kutembea Dolpo, pande za mbali za Himalaya ambako hakuna barabara na mtu hupita kwa miguu kwenye vipito vilivyo juu ya mita elfu tano, mpango wote uliachwa mikononi mwangu. Na mpango ni mzuri, Shangazi, hapo sina wasiwasi. Vibali vimeombwa, kiongozi wa huko tumempata na tunaandikiana naye, bima ya kuokolewa kwa helikopta ipo, siku za kukaa mahali pamoja ili mwili uzoee hewa nyepesi nimeziweka, na kwa muda mrefu tumefanya mazoezi, kwanza kupanda na kushuka kilima cha Bluff hapa Durban tukiwa na mifuko ya mchele mgongoni, watu wakituuliza kama tumehamishwa nyumba, kisha kwenye milima ya Drakensberg.

Shida yangu ni mtu mmoja, na mtu huyo ndiye sababu ya safari yenyewe. Anaitwa Onesphore, ni mzee wa kanisa, ana duka la kutengeneza simu mjini, na mimi namwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, kwa sababu nilipofika Durban sina mtu yeye na mkewe Marcelline ndio walionipokea. Wakati wa korona alilazwa, akawekewa oksijeni, na akiwa kitandani pale alimwahidi Mungu kwamba akirudishiwa pumzi atakwenda kumshukuru kwenye mlima mrefu kuliko yote atakayoweza kuifikia. Akapona. Mwaka jana akatuambia mimi na Doudou, kinyozi, ambaye ni wa tatu wetu, kwamba wakati umefika, na tulifurahi sana, lakini kikundi cha maombi kiliposikia wakasema shukrani bila mfungo ni maneno matupu, na yeye akasimama mbele ya watu wote akasema, "Basi nitafunga siku tatu, bila chakula, bila maji, kule juu kabisa," na watu wakapiga makofi mpaka nikashindwa kusikia.

Nilidhani atasahau. Hakusahau. Jumamosi tarehe 12 Julai, kama nilivyoandika siku hiyo hiyo kwenye shajara yangu, tulikuwa juu ya Sani Pass upande wa Lesotho, tunatembea kuelekea kilele cha Thabana Ntlenyana, na yaya Onesphore akabaki nyuma, na tuliporudi kumtazama tukamkuta amekaa juu ya jiwe anajaribu kufunga kamba ya kiatu na vidole vinaipita kamba, vinashika hewa.

Doudou akamchokoza, "Yaya, kiatu imekushinda? Nimupigie Marcelline akuje kukufungia kama mutoto?"

Hakucheka. Alitutazama kama watu asiowajua. Nikafungua mfuko wake, chupa ya maji ilikuwa imejaa hadi kwenye kifuniko.

"Yaya, ulikunywa maji saa ngapi?"

"Miye niko kwa mfungo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Na usiniletee mipango yako hapa, Madam Programu. Mungu hana programu."

Tulimshusha tukimshika huku na huku, na alipofika chini akanywa, akalala, akaamka mzima, na Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba shetani alimpiga juu ya mlima lakini hakumwangusha, watu wakapiga makofi tena, na mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu nimefumba mdomo. Na kule Dolpo hatutakuwa na gari linalotungoja chini, Shangazi, kule kushuka mpaka kwenye msaada ni mwendo wa siku nyingi. Nilipomwambia Doudou asimfuate katika jambo hili alinijibu, "Sasa mimi nitakula namna gani, mukubwa akiwa anafunga pembeni yangu? Nitakuwa mbwa?" Maana yake watakuwa wawili.

Sasa nifikie nililotaka kukuuliza. Nimemwandikia kiongozi wetu wa Nepal nikamwomba, tukishafika, amwambie yaya Onesphore kwamba sheria za eneo lile zinakataza mgeni kufunga na kwamba kibali chetu kitafutwa akionekana hanywi maji. Sheria hiyo haipo. Kiongozi amenijibu kwamba atasema nitakavyo. Nimehesabu pande zote na naona itafanya kazi, maana yaya ni mtu wa kutii sheria za nchi za watu, na hivyo sitamvunjia heshima mzee aliyenipa mahali pa kulala, na kanisa halitaniona mwanamke anayempinga mtumishi wa Mungu. Tunaondoka mwishoni mwa Septemba. Je, uongo wa namna hii ni dhambi, au ni sehemu ya mpango mzuri?

Ni mimi,
Madam Programu, Durban

SHANGAZI KEMUNTO ANAJIBU

Madam Programu,

Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa nitakukaripia.

Kwanza pole, na hongera. Mwanamke anayetembea Bluff na mchele mgongoni bila kujali macho ya watu si mwoga. Nami nakubali kwamba mpango wako ni mzuri, isipokuwa mahali pamoja, na hapo ndipo mtu anaweza kufa.

Umeniuliza kama uongo ule ni dhambi. Hilo kamuulize mchungaji wako. Mimi nakuuliza jambo la njiani. Huyo kiongozi wa Nepal ndiye atakayewaambia siku moja, "Hali ya hewa imegeuka, shukeni," au, "Huyu anayumba, arudishwe sasa hivi." Siku hiyo Onesphore anatakiwa amwamini bila kubisha. Wewe unataka aanze kazi kwa kumdanganya. Na Onesphore hutengeneza simu, binti yangu. Unadhani atashindwa kutafuta sheria ya Nepal kwenye simu yake mwenyewe? Akigundua, hatamwamini kiongozi tena, wala wewe. Umeng'oa nguzo ya mpango wako kwa mkono wako, halafu unaniambia umehesabu pande zote. Mwandikie kiongozi leo umwambie asiseme neno hilo.

Pili, rudi kwenye barua yako. Mtu huyu akiwa na oksijeni puani alimwahidi Mungu nini? Kushukuru. Ndivyo ulivyoandika. Mfungo uliletwa na kikundi cha maombi, na maji yakaondolewa mbele ya makofi. Mimi si mchungaji, na kama kuna ahadi nyingine kati yake na Mola wake siijui. Ila wewe unaweza kumuuliza, kwa upole, bila kumkejeli: "Yaya, kitandani pale ulisema nini hasa?" Muulize Marcelline akiwepo. Mke aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa husikia na kukumbuka. Kama kufunga kumo moyoni mwake, afunge hapa Durban wiki kadhaa kabla ya safari, kanisa zima limsindikize, kisha apate nafasi ya kula na kupata nguvu. Au afunge mkisharudi. Mlimani ashukuru kwa wimbo, kwa magoti, kwa machozi, na chupa ya maji mkononi.

Na hilo la kwamba Mungu hana programu, mjibu kwamba aliumba kwa siku sita na ya saba akapumzika. Wewe na siku zako za kuzoea hewa hujaleta jambo geni.

Tatu, mapafu. Mtu aliyewahi kuwekewa oksijeni haendi juu ya mita elfu tano kwa ushuhuda wa kanisani. Aende kwa daktari, aeleze alivyougua na alivyokuwa kule Sani, pamoja na vile vidole. Yule si shetani. Ni mtu asiye na maji wala chakula mahali pa juu, na wewe uliliona hilo kwa macho yako ukakaa safu ya tatu kimya. Kimya hicho hukupanga mahali popote, Madam Programu, lakini kimeingia kwenye safari yenu.

Doudou naye asijifiche nyuma ya adabu. Mwambie hivi: mkubwa akianguka, nani atambeba kama mdogo naye ana njaa? Anayekula ndiye mwenye nguvu ya kumheshimu mzee.

Sasa neno ambalo barua yako imelikwepa tangu mwanzo. Umepanga vibali, umepanga bima, umepanga siku za kupumzika, hukuandika popote nani ana kauli ya mwisho mlimani. Ni wewe. Walikukabidhi mpango, basi wamekukabidhi na ugumu wake. Heshima ya kumwita yaya iko palepale, wala haimzuii mdogo kusema, "Hapa hatupiti." Mama zetu huwaambia wakwe zao maneno makali zaidi ya hayo na bado huwapakulia chakula.

Jumapili hii nenda nyumbani kwao, si kanisani penye makofi. Marcelline awepo, Doudou awepo. Salimia, kaa, kula watakachokupa, kisha sema: "Yaya, wewe ulinipokea, na ndiyo maana nasema. Mlimani kila mtu anakunywa na kila mtu anakula. Anayeyumba anashuka siku ileile, na mmoja wetu anashuka naye. Asiyeweza kunipa neno lake hapa mezani hataondoka nami." Halafu nyamaza. Usijieleze mara ya pili, usilie, usiombe radhi. Mpe nafasi akasirike. Ni mtu mzima, hasira itapita.

Akikubali na daktari akikubali, nendeni. Akikataa, yeye abaki Durban na mfungo wake, karibu na hospitali na mkewe. Hata kama atakununia mwaka mzima, atakununia akiwa hai.

Lakini lisemwe sasa. Usiposema nyumbani kwake utalazimika kusema kule juu, na kule hakuna kati yenu atakayekuwa na pumzi ya kubishana.

Shangazi Kemunto