Pawasaplai Nzito

Jumatatu, 10 Machi 2025
Kompyuta imezima tena. Katikati ya kuhariri video ya harusi ya Kinanu! Bibi harusi ndiyo kwanza anashuka garini — giza. Si stima, taa zinawaka nyumba nzima. Ni mimi na haraka zangu. Wiki jana niliikimbiza prosesa kuliko kipimo chake ili video zitoke upesi, sikujiuliza itakula nini. Mamake Kinanu anaitaka video Jumapili, awaonyeshe wageni. Nimechoka.

Jumanne, 11 Machi
Nimepiga hesabu. Prosesa, boksi lake linasema wati 65. Lakini nimeipandisha mwendo, na volti pia, na volti ikipanda kidogo wati zinaruka — niweke 140. Kadi ya grafiki 120. Diski, feni na vikorokoro vingine 60. Jumla 320! Na pawasaplai yangu kuukuu, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, ni ya 350, tena kwa jina tu. Haina pa kupumulia. Nataka ya 500, ya kweli.

Lokwang ndiye atapita dukani akitoka soko la mbuzi. Mume wangu na wati, wapi na wapi! Nikamwambia kwa lugha anayoielewa: usisome maandishi, inua. Nzuri huwa nzito.

Alhamisi, 13 Machi
Ameileta! Imeandikwa 600. Alipewa tatu achague, mbili akazikataa kwa kuziinua tu.

"Shika, Mama Emanikor. Hii imeshiba!"

Nimecheka mpaka basi. Nampenda huyu mtu.

Ijumaa, 14 Machi
Kabla sijaifunga ndani ya kompyuta, nikasikia kitu kinagonga ndani. Nikamulika tochi kwenye matundu ya feni. Kipande cha saruji! Kimebandikwa kwa gundi, na vipuri vyenyewe vya umeme viwili vitatu kando, vidogo vya kuhurumiwa.

Ni ule mchezo wa kumlambisha mbuzi chumvi asubuhi ya soko, anywe maji avimbe, mnunuzi amwone mnono. Lokwang hajawahi kuuziwa mbuzi wa hivyo, soko zima linajua. Jana kauziwa saruji. Na aliyempotosha ni mimi!

Sikumwambia. Ile aliyonunua nimeificha kabatini, nikaiacha ile kuukuu ndani ya kompyuta. Prosesa nimeirudisha mwendo wa zamani: 65, 120, 60 — 245. Itabeba. Lakini video inatambaa, sijui kama Jumapili itakuwa tayari.

Jioni Lokwang kaja kupigapiga boksi la kompyuta. Akauliza, inavuta vizuri, eh? Nikasema ee. Uongo mtupu! Naona aibu.

Jumamosi, 15 Machi
Makubwa. Lokwang amekuja na Ekaale, rafiki yake mwenye studio ya picha. Kompyuta yake inazima kama yangu, naye ameikimbiza, tena kunishinda. Lokwang amemsimulia jinsi yangu ilivyopona. Wakimaliza chai wanaenda duka lile lile, mume wangu akamchagulie kwa mkono wake.

Nikisema, Lokwang ataumbuka mbele ya rafiki yake, na uongo wangu wa jana utafichuka. Nikinyamaza, itaungua mashine ya Ekaale na picha za watu zote humo, na sokoni jina la Lokwang litatajwa vibaya. Mungu wangu, nifanyeje?

Nimejifungia chumbani nikisingizia natafuta chaja. Nasikia viti vinasukumwa. Lokwang anacheka, ana raha kweli.

"Mama Emanikor! Kuja ufungue hii kompyuta, Ekaale aone ile kitu nilinunua. Halafu twende."

Nimeitika nakuja. Wakiifungua wataikuta ile kuukuu, na yake iko kabatini. Bado nimekaa kitandani.